Kosa si la Aliyefungua Ukurasa



Liko swali ambalo sisi walezi hulitamka upesi kila mara mtu anapopatwa na balaa katika simu yake. Tunamwuliza: "Ulibonyeza nini?" Swali hilo lina hukumu ndani yake. Anayeulizwa amekwisha kuwa mkosaji kabla ya kufungua kinywa, na jambo pekee lililobaki ni kujua amekosa wapi. Tunaandika makala haya kwa sababu tulimwuliza swali hilo msichana mmoja aliyekuwa katibu wa kikundi cha vijana. Alitujibu kweli, nasi hatukumsadiki.

Habari yenyewe ni fupi. Kikundi kilikuwa kinajiandaa kwenda Lubumbashi kwa mkutano wa vijana. Ili kuandikisha wasafiri, kilitumia huduma moja ndogo ya mtandaoni ambayo hatutaitaja. Kila kijana alijaza jina lake, parokia yake na namba ya simu, na katika kisanduku cha mwisho aliweza kuandika neno lolote, kama vile ugonjwa alio nao au chakula asichokula. Kila jioni katibu aliingia kwa nywila yake, akafungua orodha, akahesabu majina. Jioni moja aliifungua kama kawaida, akaisoma, akaifunga, akaenda kupika. Kabla hajaipua sufuria, wote waliojiandikisha walikuwa wamekwisha kupokea ujumbe wa kikundi ukiwaagiza watume mchango wa safari kwa namba mpya. Baadhi yao walituma. Namba hiyo haikuwa ya kikundi.

Tulipowauliza wenye huduma, walitujibu kwamba kumbukumbu za mashine yao ziko wazi: ujumbe ulitumwa kwa jina la katibu, kutoka simu ya katibu, dakika ileile alipokuwa ameingia. Yote hayo yalikuwa kweli. Tukamwuliza alibonyeza nini. Akasema, "Sikubonyeza kitu, mwalimu. Nilisoma orodha tu." Tukamshauri akae kando kwa muda ili kutuliza hali. Mnajua uzito wa maneno kama hayo yanapotoka kinywani mwa mtu mzima mbele ya mkutano.

Miezi kadhaa baadaye alikuja likizo kijana mmoja fundi wa kompyuta. Alisikia habari hiyo, hakucheka, akaomba aione ile orodha. Kwanza aliizuia kompyuta yake isitii programu yoyote itakayokuja na ukurasa. Kisha akafungua, si sura ya ukurasa, bali maandishi yake ya ndani. Katika mstari wa mtu mmoja ambaye hakuna aliyemfahamu, mahali pa kuandika ugonjwa, hapakuwa na ugonjwa. Palikuwa na mistari michache ya amri, na ndani ya amri hizo mlikuwa na ile namba ya simu.

Ili mwelewe jinsi maneno yaliyoandikwa katika kisanduku yanavyoweza kutuma ujumbe kwa jina la mtu mwingine, turuhusuni tuingie kidogo darasani.

Sisi tuliosomea ualimu tunalijua vizuri kosa moja la kipindi cha imla. Mwalimu anasoma sentensi, halafu anasema "nukta, mstari mpya". Mtoto ambaye hajaizoea imla anaandika katika daftari lake maneno hayo yote: nukta, mstari mpya. Amri ya mwalimu ameifanya sehemu ya hadithi. Wenzake wanacheka, naye anajifunza siku hiyo kwamba katika sauti moja ya mwalimu mna mambo mawili, maneno ya kuandikwa na maagizo ya kutekelezwa, na kwamba kuyatenganisha ni kazi ya anayesikiliza.

Kivinjari, yaani programu ile ya simu au kompyuta inayotufungulia tovuti, kina taabu ya namna hiyo, ila kinakosea upande wa pili. Ukurasa unaposafiri kutoka mbali huja kama maandishi tu, na ndani yake maneno ya kusomwa na amri za kutiiwa vimechanganyika. Kinachovitenganisha ni alama chache, hasa zile mbili ambazo katika hesabu tunazifundisha kuwa "ndogo kuliko" na "kubwa kuliko". Kilichofungwa kati ya alama hizo hakionyeshwi kwa msomaji. Ni agizo kwa kivinjari. Weka picha hapa. Koleza herufi hizi. Endesha skripti hii. Skripti ni programu ndogo inayoletwa na ukurasa na kufanya kazi yake humohumo katika simu ya msomaji. Lugha inayotumika zaidi kwa skripti hizo, JavaScript, ilitungwa na Brendan Eich katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, toleo lake la kwanza likiandikwa kwa siku 10 hivi. Tangu hapo kurasa ziliacha kuwa karatasi za kusomwa tu. Zikawa na mikono.

Sasa mfikirieni mtu anayejaza fomu. Badala ya kuandika kwamba ana pumu, anaandika alama zile mbili na amri ndani yake. Aliyeitengeneza tovuti hakuwahi kuwaza kwamba mtu angefanya hivyo. Tovuti inayapokea maneno, inayahifadhi, na siku katibu anapoifungua orodha inayapachika katikati ya ukurasa wake yenyewe, kama yalivyo. Kivinjari kinasoma, kinakutana na alama, kinatii. Hakina njia ya kujua kwamba sehemu ile haikuandikwa na mwenye tovuti. Ni kana kwamba mwanafunzi wa benchi la nyuma amesema "fungeni madaftari" kwa sauti ya mwalimu, na darasa zima limefunga.

Kasoro hii mafundi huiita kwa herufi tatu, XSS. Jina lilitoka kwa wahandisi wa Microsoft mnamo Januari 2000, na tarehe 2 Februari mwaka huohuo kituo cha CERT cha Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, kilitoa onyo rasmi kuihusu. Yaani ina umri mkubwa kuliko wengi wenu mnaosoma ukurasa huu. Dawa yake ilijulikana mwaka uleule. Hata hivyo, mwaka 2024 shirika la MITRE, ambalo hupanga orodha ya udhaifu 25 ulio hatari zaidi katika programu za kompyuta, liliiweka nafasi ya kwanza. Daktari akisikia kwamba ugonjwa wenye dawa rahisi unaongoza kwa kuumiza watu baada ya robo karne, hatawauliza wagonjwa wamekula nini. Atauliza dawa imekwama wapi.

Sisi watu wa Sakania tunaweza kuelewa upesi kuliko wengine kwa nini kivinjari hudanganyika, maana tunaishi mpakani na tumekulia kando ya reli na barabara ziendazo Ndola. Tangu katikati ya miaka ya 1990 vivinjari vina sheria ya mipaka: kila tovuti ni kama nchi peke yake, na skripti iliyotoka katika tovuti moja hairuhusiwi kusoma mambo ya tovuti nyingine. Ndiyo maana mnaweza kufungua habari za mpira upande huu na akaunti ya benki upande ule, bila ya kwanza kuchungulia ya pili. Sheria hiyo ni njema, na kila siku inawalinda msijue. Lakini yenyewe hutazama lakiri, haitazami mzigo. Lori likifika na lakiri ya forodha haijavunjwa, hupita. Mtu akitia gunia lake ndani kabla lori halijafungwa, gunia hilo litavuka mpaka kwa heshima zote za mwenye lori.

Ndivyo ilivyokuwa. Amri za yule mgeni zilitoka katika tovuti zikiwa na lakiri ya tovuti. Zilipofika katika simu ya katibu zilikuwa na haki zote za tovuti hiyo, na tovuti kwa upande wake ilipoona ombi la kutuma ujumbe linakuja kutoka simu ambayo mwenyewe ameingia kwa nywila halali, ililipokea. Mwizi hakuiba nywila. Hakuihitaji. Alimtumia binti yule kama mtu anavyoushika mkono wa aliyelala na kutia alama ya kidole chake katika hati. Kidole ni chake kweli. Je, ametia sahihi?

Tunajua wapo watakaosema kwamba hayo ni mambo ya mafundi, na kwamba wasomaji wa kawaida wangekuwa waangalifu yasingewapata. Hebu watazame yaliyowapata watu wenye mashine bora na walinzi wa kulipwa.

Mwaka 2005, kijana wa Los Angeles aitwaye Samy Kamkar, mwenye umri wa miaka 19, alikuwa na ukurasa wake katika MySpace, tovuti ya marafiki iliyokuwa na watu wengi sana siku zile. Alitaka kuwa na marafiki wengi. Akaandika katika ukurasa wake skripti ambayo kila aliyeutembelea, bila kubonyeza chochote, alijikuta amemwomba Samy urafiki, na katika ukurasa wa mgeni huyo pakaandikwa kwamba Samy ni shujaa wake. Kisha skripti ilijinakili humo, ikamngoja mgeni wa mgeni. Ilianza tarehe 4 Oktoba. Kabla ya saa 20 kwisha, watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamemtangaza shujaa mtu wasiyemjua, na wenye MySpace wakalazimika kuifunga tovuti yao ili waisafishe.

Watu wa MySpace hawakuwa wazembe kabisa. Walikuwa wameweka kichujio kilichokataa neno "javascript" popote lilipoandikwa na wageni. Kijana yule akalikata neno: nusu mstari huu, nusu mstari unaofuata. Kichujio hakikuliona, na baadhi ya vivinjari, kwa kutaka kumsaidia mwandishi aliyekosea, vikaunga nusu mbili hizo na kulitii neno zima. Kwetu sisi walimu hapo pana jambo la kutafakari. Vivinjari vilizoeshwa tangu mwanzo kusamehe makosa ya uandishi, kama mwalimu mpole anayekisia mtoto alitaka kusema nini, na upole huo ukawa mlango.

Najua wengi wenu mtamwonea fahari Samy, na hata sisi tulipoisoma habari yake mara ya kwanza tulitabasamu. Hakuiba senti. Lakini mwaka 2007 alikiri kosa mahakamani, akapewa miaka mitatu ya uangalizi, akafanya kazi za jamii, na kwa muda akazuiwa kutumia kompyuta kwa hiari yake. Baadaye aligeuka kuwa mtafiti wa usalama anayeheshimiwa. Ustadi aliokuwa nao kabla na baada ya hukumu ulikuwa uleule. Tofauti ni kwamba sasa mwenye nyumba huambiwa kwanza kuwa mlango wake uko wazi.

Miaka mitano baadaye, tarehe 21 Septemba 2010, ikawa zamu ya Twitter. Hapo haikuhitajika hata kufungua ukurasa wa mtu. Kupitisha mshale wa kompyuta juu ya ujumbe kulitosha. Miongoni mwa akaunti zilizoingiliwa ilikuwemo ya Sarah Brown, mke wa aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, na wafuasi wake wakajikuta wanapelekwa kwenye picha za aibu. Kampuni ilieleza kwamba ilikuwa imekwisha kuiziba kasoro hiyo mwezi uliotangulia, ila mabadiliko mapya ya tovuti yaliifungua tena bila wao kujua. Je, kuna aliyemwuliza mama yule kwa nini alipenda picha hizo? Natumaini hakuna. Mke wa mkubwa huaminiwa upesi. Katibu wa kikundi cha vijana hana bahati hiyo.

Na mwaka 2014, katika programu ya TweetDeck, kasoro iligunduliwa na kijana wa Austria ambaye alichotaka ni kuandika alama ya moyo. Akaona moyo wake umefanya jambo lisilotarajiwa, akawaarifu wenye programu. Lakini habari ilikwisha kusambaa, na siku ileile ujumbe mmoja uliojituma wenyewe ulirudiwa mara makumi ya maelfu.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki, usiku mmoja wa Januari 2012, tovuti 103 za serikali ya Kenya ziliharibiwa sura kwa mkupuo mmoja na mtu wa Indonesia. Magazeti ya siku zile yaliandika kwamba alifuata mafunzo aliyoyapata mtandaoni juu ya makosa ya waandishi wa programu, makosa ambayo ni ndugu wa hili tunalolieleza. Wizara zilizotumia fedha ya umma kutengeneza kurasa zilishindwa na mtu aliyesoma masomo ya bure. Mkulima aliyefungua ukurasa wa wizara asubuhi ile kutafuta habari hakuwa amekosa lolote.

Basi dawa ni ipi? Tunaiandika hapa kwa sababu baadhi yenu mnasomea kompyuta Lubumbashi, na wengine mmeanza kutengeneza kurasa za maduka, za shule na za kwaya kwa malipo madogo. Ninyi ndio mtakaotengeneza fomu ambazo makatibu wa kesho watazifungua.

Wengi hudhani dawa ni kukataza. Wanatengeneza fomu inayokataa kila alama wanayoiogopa. Matokeo yake tumeyaona wenyewe: mtoto mwenye jina la Ng'andu akijiandikisha, fomu inamwambia kwamba jina lake si sahihi. Jina alilopewa na babu yake, lililoandikwa katika cheti chake cha ubatizo, mashine inalikataa kwa sababu ya alama moja ya ritifaa. Akitaka kuendelea huliandika vibaya, na tangu hapo karatasi zake hazipatani. Huo si ulinzi. Ni kumwadhibu mwenye jina kwa hofu ya fundi. Tena haufai kitu, maana kama Samy alivyoonyesha, anayetaka kudhuru atapata njia ya kulikata neno.

Dawa ya kweli ni kurudi kwenye imla: kumfanya msikilizaji asiwe na shaka yoyote kama hili ni neno au ni amri. Tovuti ipokee kila kitu mgeni alichoandika, na inapokionyesha ibadilishe zile alama za hatari kwa majina yake ya herufi chache ambayo vivinjari vyote vinayajua. Badala ya kutuma alama ya "ndogo kuliko", inatuma jina la alama hiyo. Kivinjari kinapolikuta jina kinachora alama kwenye kioo, msomaji anaiona, na hakuna kinachotiiwa. Ng'andu anabaki Ng'andu. Amri ya mwizi inaonekana mbele ya katibu kama maandishi ya ajabu yasiyo na nguvu, naye anajua papo hapo kwamba pana mtu mbaya. Vyombo vingi vya kutengenezea tovuti siku hizi hufanya kazi hiyo vyenyewe, fundi asipovizuia. Kinachobaki ni fundi kukumbuka kwamba kila mahali panapoonyesha maneno ya mgeni panahusika: jina, maoni, neno la kutafuta, hata jina la picha. Penye mlango mmoja uliosahaulika, milango 99 iliyofungwa haimsaidii mtu.

Watengenezaji wa vivinjari nao walijaribu kubeba mzigo huu. Mwaka 2009 Microsoft iliweka katika Internet Explorer 8 kichujio cha kuzikamata skripti za namna hii. Watafiti wakaonyesha kwamba kichujio chenyewe kiliweza kugeuza ukurasa salama ukawa wa hatari. Google nayo iliweka mkaguzi wake katika Chrome, na mwaka 2019 ikamwondoa, maana alikwepeka na tena alivuruga kurasa zisizo na kosa. Firefox haikuwahi kuwa na kichujio cha jinsi hiyo. Kilichodumu ni msaada wa namna nyingine: tovuti inaweza kukipa kivinjari orodha ya mahali ambapo skripti zake zinatoka, na kukiagiza kikatae nyingine zote. Ni msaada mwema, lakini ni wa tovuti yenye fundi anayejali. Kivinjari peke yake hakiwezi kukisia nia ya mwandishi, kama vile afisa wa forodha asivyoweza kujua nani alipakia gunia.

Tutaulizwa: je, mnawafundisha vijana kubonyeza ovyo? La. Iko aina nyingine ya kasoro hii ambapo amri hufichwa ndani ya anwani yenyewe ya ukurasa; tovuti inayapokea maneno hayo na kuyarudisha kama mwangwi, na hapo aliyebonyeza anwani ya kuvutia ndiye anayeubeba mwangwi. Kwa hiyo anwani ndefu inayotumwa na msiyemjua iacheni. Mkimaliza kazi katika tovuti yenye mamlaka au fedha, tokeni, msifunge dirisha tu. Kisasisheni kivinjari. Anayesimamia orodha ya kikundi asitembee mtandaoni kwa mambo mengine akiwa bado ameingia humo. Hayo yote ni ya busara na tunayafundisha. Lakini msiufanye uangalifu wa msomaji kuwa kisingizio cha fundi. Binti yule alikuwa ametimiza hayo yote. Kazi aliyopewa ilikuwa kuisoma orodha, na kuisoma ndiko kulikomponza.

Neno moja pia kwa wale wenye vidole vyepesi. Kuijaribu kasoro hii katika tovuti ya mtu bila ruhusa yake, hata kwa mchezo, si mchezo. Kongo ina Sheria ya mambo ya kidijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na Kenya ina sheria yake ya makosa ya kompyuta tangu mwaka 2018. Ukiuona mlango wazi, mwambie mwenyewe kwa siri, kwa maandishi, ukatunze nakala. Jaribu katika tovuti uliyoitengeneza mwenyewe. Humo utapata makosa ya kukutosha mwaka mzima.

Turudi kwa katibu wetu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2477, inaihesabu hukumu ya haraka miongoni mwa makosa dhidi ya jina la jirani. Tumeifundisha namba hiyo kwa miaka mingi, tukiwapa watoto mifano ya kuku aliyepotea na jirani aliyesingiziwa. Haikutujia akilini kwamba kumbukumbu za mashine zinaweza kuwa shahidi mkweli wa jambo lisilo kweli. Tulikuwa na jina, saa na simu, tukaona vinatosha. Hatukumwuliza fundi yeyote. Hatukumwuliza mwenye huduma kwa nini kisanduku cha ugonjwa kilikubali kupokea amri. Tulimwuliza yeye tu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu, na ndiye aliyekuwa mdogo.

Tulipoijua kweli, wapo walioshauri tumwendee nyumbani kimyakimya. Tulikataa. Alishutumiwa mbele ya kikundi kizima. Haikufaa asafishwe jikoni kwa mama yake. Jumapili iliyofuata, baada ya mkutano, tulisimama, tukaeleza habari yote kama tulivyoieleza hapa, tukamwomba radhi kwa jina lake. Waliopoteza fedha walikuwepo. Mmoja wao alilia. Yeye hakulia, alisema tu kwamba alikuwa amewaambia. Ukatibu hakuutaka tena, na hatukumsihi.

Alikubali jambo moja. Yule fundi alipotutengenezea fomu mpya, alimwita aje kuijaribu pamoja na vijana wengine. Wa kwanza kujiandikisha alikuwa mtoto wa ukoo wa Ng'andu, na jina lake likakaa katika orodha na ritifaa yake. Kisha fundi aliandika katika kisanduku cha ugonjwa mistari ileile ya mwizi, bila ile namba, akamwachia binti kompyuta. Akasitasita kidogo kabla ya kufungua orodha. Mistari ikatokea kwenye kioo, herufi zote, alama zote, imekaa kimya katika mstari wake kati ya mtu mwenye pumu na mtu asiyekula samaki. Akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma imla yake.